Bunduki za wenzo za mtindo wa kale: chuma ni kipya, ufungaji ni ule ule

Kauli hii imesikika mno. Mteja anashika nakala ya bunduki ya Winchester 1873 (namba ni mwaka wa muundo wake) iliyotengenezwa Italia, anavuta wenzo, ule mkono wa chuma wa chini unaoingiza risasi, mara mbili tatu, anapenda mlio wake, kisha anaomba risasi kali za .45 Colt za kuwindia nguruwe mwitu. Akikatazwa, jibu ni moja: "Lakini hii ni mpya! Chuma cha leo si chuma cha 1873."

Chuma kweli ni cha leo. Nakala za kiwanda cha Uberti zinatoka Gardone Val Trompia, bonde la mafundi bunduki karibu na Brescia, na chuma chake ni bora kuliko cha bunduki za asili. Ila tatizo halikuwahi kuwa chuma peke yake. Tatizo ni umbo la ufungaji, na umbo limenakiliwa jinsi lilivyokuwa.

Fungua bamba la ubavuni mwa 1873 uangalie. Komeo linaloziba chemba, pale risasi inapokaa ikipigwa, halijashikwa na chochote kilichochomekwa kwenye mwili wa bunduki. Linasukumwa mbele na viungo viwili, kimoja kila upande, ambavyo hunyooka wenzo unapofungwa, mfano wa goti la mtu aliyesimama. Goti likinyooka hubeba mzigo, sawa, lakini mzigo wote unapita kwenye pini nyembamba na matundu yake. Mtambo huu ulitumika kwenye bunduki ya Henry ya 1860, ukaingia kwenye Winchester za 1866, 1873 na 1876, wakati baruti ilikuwa nyeusi na msukumo wake mdogo.

Sasa chukua Winchester 1886 iliyobuniwa na John Browning, mbunifu wa bunduki wa Marekani. Wenzo ukifungwa, kabari mbili za chuma zinapanda wima kando ya komeo na kujibana kwenye mwili wa bunduki wenyewe. 1892 ni mtambo huo huo uliopunguzwa ukubwa. 1894 ina pande moja nene la chuma linalopanda nyuma ya komeo. Hapo ndipo chuma kipya kinapoleta faida, kwa sababu kinaongeza nguvu kwenye ufungaji ambao tayari ni imara. Kiwanda cha Rossi cha Brazili kimewahi kutengeneza 1892 ya .454 Casull, risasi kali mno. Fikiria kishindo hicho kwenye pini za 1873!

Wengine hujibu: mbona 1873 hiyo hiyo inauzwa kwa .357 Magnum, ambayo kwa kipimo cha SAAMI, taasisi ya Marekani ya viwango vya risasi, inafika shinikizo la psi 35,000 (pauni kwa inchi ya mraba), wakati .45 Colt ya kawaida ni psi 14,000 tu? Swali ni zuri. Kinachosukuma komeo nyuma ni shinikizo mara eneo la kitako cha ganda. Ganda la .357 lina kipenyo cha milimita 9.6, la .45 Colt linapita 12. Eneo la pili ni kubwa kwa kama mara 1.6. Kwa hiyo ukiweka risasi kali ya .45 Colt ya psi 30,000, shinikizo liko chini ya lile la .357, lakini msukumo juu ya viungo unazidi kwa karibu asilimia 40. Kuingia kwenye chemba si kufaa. Pakiti za risasi hizo huandikwa zimekusudiwa bunduki zipi. Soma maandishi hayo, soma na kitabu cha mtengenezaji.

Bunduki haipasuki siku ya kwanza, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Pini zinagongwa, matundu yanapanuka kidogo kidogo, komeo linaanza kurudi nyuma kwa upana wa unywele. Ganda linapata nafasi ya kutanuka. Okota maganda uliyopiga: fataki, kile kiwashio kidogo cha katikati ya kitako, ikiwa imechomoza nje ya kitako, nafasi imezidi. Ukiona mkanda unaong'aa kuzunguka ganda, milimita chache juu ya ukingo, chukua waya mwembamba, pinda ncha yake, ikwaruze ndani kutoka chini kwenda juu. Ncha ikinasa kwenye mfereji, ganda linakaribia kukatika. Acha kupiga, peleka bunduki kwa fundi.

.45-70 nayo ina mkanganyiko wake. Kipimo cha SAAMI ni psi 28,000, kwa sababu bado zipo bunduki kuukuu za Springfield za jeshi la Marekani zenye mtambo dhaifu. Viwanda vingine hutengeneza risasi kali zaidi za jina hilo hilo. 1886 imara inaweza kuzibeba, mradi mtengenezaji wake ameruhusu. Na usitafute 1876 ya .45-70: risasi hiyo ni ndefu kuliko mtambo, ndiyo maana 1876 ilipewa risasi ya .45-75.

Madai mengine ya wateja yana majibu mafupi.

"Risasi ya .44-40 iliangusha kila kitu zamani." Inatoa nishati ya joule 900 hivi mdomoni mwa mtutu, wakati .30-30 inatoa kama 2,500. Sheria ya uwindaji ya jimbo la Colorado, Marekani, inataka futi-pauni 1,000, yaani joule 1,356, katika yadi 100, kwa kulungu na wanyama wakubwa zaidi. .44-40 haifiki hata mdomoni. .44 Magnum kwenye mtutu mrefu inavuka kwa shida.

"Henry ya shaba ndiyo asili, basi ndiyo bora." Kwa maonyesho, sawa. Porini haina ubao wa mbele, mtutu ukipata moto unaunguza kiganja, na ufa ulio chini ya magazini unakusanya vumbi na majani. Kisukumio cha risasi ndani ya magazini kinarudi nyuma kila unapopiga hadi kigonge mkono wako. Ukijaza, kishushe polepole kwa kidole. Kikiachiwa kwa nguvu juu ya safu ya risasi, fataki inaweza kulipuka.

"Kichwa chenye ncha kinaruka mbali zaidi." Kwenye magazini ya bomba, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine chini ya mtutu, ncha hiyo inakaa juu ya fataki ya risasi iliyo mbele yake. Tumia vichwa bapa, au vile vya ncha laini ya plastiki vilivyotengenezwa kwa bunduki hizi.

"Roosevelt aliwinda nazo Afrika Mashariki." Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwaka 1909 alikuwa na Winchester 1895, yenye magazini ya sanduku na risasi ya .405, na aliipenda kwa simba. Kwa tembo alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Huwezi kuutumia mfano huo kutetea 1873.

Kwa msitu mnene, chini ya mita 100, nunua 1892 ya .44 Magnum yenye mtutu wa inchi 20. Ukitaka moja ya kazi nyingi, 1894 ya .30-30. Kwa dubu au elki (kulungu mkubwa wa Amerika), 1886 ya .45-70, ukikumbuka kwamba kichwa cha uzito wa greni 405, bunduki ikiwa imelengeshwa yadi 100, kitashuka zaidi ya nusu mita katika yadi 200. Mtutu wa pembe nane wa inchi 26 ni wa kupendeza ukutani, na begani ni mzigo.

Pesa iliyobaki iweke kwenye kilengeo cha tundu kinachofungwa nyuma ya nyundo. Darubini haikai vizuri juu ya bunduki zinazotupa ganda juu, na kilengeo cha kiwandani chenye umbo la pembe za mnyama huziba nusu ya mnyama. Lakini angalia kwanza: 1886, 1892 na 1894 zinazotengenezwa na Miroku ya Japani kwa jina la Winchester zina kitufe cha usalama kwenye shingo ya kitako, mahali pale pale kilengeo hicho kinapokaa.