Pikipiki ya traiali barabarani: namba, taa, halafu bima

Wanaouliza kuhusu kuagiza nje pikipiki za traiali, zile nyepesi za kupandia mawe zisizo na siti, huanza na bei ya bima. Kwangu swali hilo ni la tatu. La kwanza ni namba zilizogongwa kwenye chuma, la pili ni taa. Ukikosea la kwanza utakwama forodhani, ukipuuza la pili utasimamishwa na trafiki, na kote huko wakala wa bima hana la kukusaidia.

Dodoma majabali tunayo ya kutosha, mjini kwenyewe hadi njia ya Singida. Shida ni kipande cha barabara kati ya nyumbani na jabali. Hata iwe barabara ya vumbi inayokatiza kijiji, maadamu ni ya umma, sheria ni ileile: usajili, bima, leseni, kofia ngumu. Asiyetaka habari hizo abebe pikipiki yake kwenye kirikuu hadi kwenye mawe aishushe huko. Ni njia halali kabisa, na kwa baadhi ya mashine ndiyo yenye akili.

Tuanze na namba. Chesisi namba iko kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingilia, na kwa mashine za miaka ya karibuni ina tarakimu na herufi 17. Herufi I, O na Q hazitumiki humo kamwe. Kwa hiyo ukiona "O" kwenye karatasi yoyote, aliyeandika alikusudia sifuri, na karatasi hiyo irekebishwe kabla haijazaa nyingine. Herufi ya kwanza inakupa fununu ya ilikotengenezwa: Z ni Italia, V mara nyingi ni Uhispania au Ufaransa, J ni Japani. Kama fremu imepigwa rangi upya na namba imezibika, tumia thina na brashi laini. Usiguse msasa wala grainda. Namba yenye mikwaruzo mtu wa ukaguzi ataisoma kama namba iliyochezewa, na hutamlaumu.

Injini namba ndiyo yenye mtego. Pikipiki hizi hugonga mawe kwa tumbo. Jiwe likivunja nyumba ya injini, fundi hufunga nyumba mpya, na spea hiyo hutoka kiwandani bila namba. Karatasi inasema namba fulani, injini haina kitu. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji picha za karibu za namba zote mbili, huku bamba la chini limefunguliwa kama linaficha. Kama nyumba imebadilishwa, aambatishe ankara ya spea na barua yake yenye chesisi namba. Jambo hilo limalizike kabla pikipiki haijapakiwa melini. Likishaingia kwenye kadi na makosa yake, utakuwa unaomba kubadilisha taarifa za chombo, na hapo utapita kwa mkaguzi wa trafiki kwanza ndipo urudi TRA, mamlaka ya mapato.

Kitu kingine: nyingi zilizotumika Ulaya hazijawahi kusajiliwa popote, kwa sababu zilikuwa za mashindano tu. Usitegemee kadi ya huko. Dai ankara yenye namba zote na, kama ni toleo la barabarani, cheti cha ulinganifu cha mtengenezaji. Mimi ningelipa zaidi kwa toleo lililotoka kiwandani na taa, honi, kioo na kishikio cha pleti namba. Tofauti ya bei utaiokoa kwa fundi umeme peke yake.

Forodhani kodi hupigwa juu ya bei ya pikipiki pamoja na bima ya safari na nauli hadi bandarini, na VAT ya asilimia 18 huja juu ya hesabu hiyo baada ya ushuru. Viwango vingine, pamoja na ada ya usajili, huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha kila Julai, kwa hiyo bei uliyoambiwa na mtu wa mwaka juzi isahau. Utahitaji TIN, yaani namba ya mlipakodi; kama huna biashara, isiyo ya biashara inatosha, na msingi wake ni namba ya NIDA. Kabla wakala wa forodha hajatuma TANSAD, yaani tamko la forodha la mzigo wako, mwambie akupe rasimu uisome mwenyewe: chesisi, injini, rangi, ujazo wa injini, idadi ya watu. Idadi ya watu iwe mmoja, kwa sababu chombo hakina pa kukalia abiria. Ujazo uandikwe ule halisi, si jina la kibiashara. Inayouzwa kama "300" kwa kawaida iko chini kidogo ya hapo. Ujazo unagusa pia leseni. Chini ya cc 125 ni daraja A1, inayozidi cc 125 ni A. Usajili uwe wa binafsi, pleti ya njano inayoanza na MC. Ukiletewa nyeupe umeandikishwa kama chombo cha biashara, na utafuatwa na mambo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, usiyoyahitaji. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017, kwa hiyo hapo hakuna la kulipa.

Kutoka Dar ipakie. Tangi la lita mbili na nusu au tatu, bila siti, kwa zaidi ya kilomita 400 ni adhabu, na bado haina bima.

Sasa taa. Traiali nyingi hazina betri. Umeme wote unatoka kwenye stata (koili za kuzalisha umeme kwenye injini, si stata ya kuwashia), na feni ya rejeta inanyonya humohumo. Fundi akiunga taa ya halojeni ya wati 35 kwenye waya wa feni, taa itawaka na feni itazunguka kivivu. Ukisimama foleni saa nane mchana, maji yanachemka. Weka taa ya LED, regyuleta yenye rektifaya (ya kutuliza umeme huo na kuufanya wa kuchaji betri), na betri ndogo kwa ajili ya honi na indiketa. Indiketa za LED zinataka flasha ya kielektroniki. Ile ya kawaida itapepesa kama ina wazimu au isiwake kabisa. Taa ya breki hufungwa kwa swichi ya presha kwenye bolti ya bomba la breki. Pima uzi wa bolti kwanza, maana zipo za aina mbili zinazokaribiana, na ukishafunga toa upepo kwenye breki.

Pleti namba ndiyo hupotea. Madigadi ya nyuma ni plastiki laini inayopiga mikia muda wote, na pleti huchanika kwenye matundu ya bolti. Iweke juu ya bati la alumini la milimita 3, bolti za M6 zenye nati za kujifunga, na washa za mpira pande zote mbili. Ikipotea, anza na ripoti ya upotevu ya polisi ndipo uombe nyingine.

Upepo wa matairi kwenye mawe ni psi 4 hadi 5 nyuma na 5 hadi 7 mbele. Barabarani panda hadi 12 au 15, la sivyo pikipiki inaogelea kwenye kona na mwiba wa mgunga unaimaliza mapema. Sproketi ya mbele ukitoka meno 11 kwenda 12 unapata mwendo wa asilimia 9 zaidi kwa mzunguko uleule wa injini. Kwa injini za tustroki, mchanganyiko wa oili na petroli wa 1:80 (mililita 12.5 kwa lita) unafaa mawe, kwa safari ya lami ningeweka 1:50, yaani mililita 20.

Tumefika kwenye bima. Ya lazima ni bima ndogo, kwa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Inamlipa mtu wa tatu uliyemuumiza, haikulipi wewe wala pikipiki yako. Hulipiwa kabla ya kuanza, mkopo hakuna. Wakala amezoea bodaboda, kwa hiyo akijaza haraka ataandika biashara na abiria. Mwambie binafsi, mtu mmoja. Kabla hujaondoka dirishani, ingiza pleti namba kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, wa kuhakiki stika, TIRAMIS, uone kama jina, chesisi na tarehe vinalingana na kadi. Trafiki naye ataangalia humohumo, si karatasi uliyokunja mfukoni.

Bima kubwa, ile inayogharamia hata chombo chako, ina mashaka yake. Ukiibiwa, kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ya tukio, isiyozidi uliyoandikisha. Sasa, soko la traiali Dodoma liko wapi? Peleka ankara, TANSAD, stakabadhi za kodi na picha, mkubaliane thamani kwa maandishi mwanzoni.

Kisha soma ukurasa wa visivyolipiwa. Mikataba ya magari kwa kawaida hutoa nje mashindano ya mbio, majaribio ya kasi na majaribio ya uimara wa chombo. Siku ya mashindano ya mawe, hata ya kirafiki kati ya watu sita, jihesabu huna bima. Kujifunza peke yako nje ya barabara ni eneo la utata; uliza kwa barua pepe, si kwa mdomo, na jibu ulihifadhi pamoja na kovanoti, yaani hati yako ya bima. Kinachobaki bila shaka ni kile kipande cha barabara. Na hata hapo, ukimgonga mtu huku indiketa umezifungua ukaziacha nyumbani, au unaendesha cc 250 kwa leseni ya A1, kampuni inaweza kukudai ilicholipa. Kwa hiyo vioo na indiketa vifungwe kwa namna ya kutoka bila spana nyingi: toa ukifika kwenye jabali, rudisha kabla hujawasha kurudi.