Leso ya mikrofaiba haikuharibika, imeshiba sabuni

"Leso hizi feki, hazinyonyi jasho." Maneno hayo nimeyasikia sana hapa Kigoma, na aghalabu kutoka kwa watu wanaofua kila jioni bila uvivu. Ukiishika leso yenyewe, imekakamaa kama dagaa wa juzi.

Wengi wanaifua kama pamba, na mikrofaiba si pamba. Kwa kawaida ni poliesta na nailoni, mara nyingi 80 kwa 20, kwa nyuzi nyembamba kiasi kwamba mita 9,000 za uzi mmoja hazifiki gramu 1. Jasho hukaa kwenye vinafasi kati ya nyuzi hizo. Vikizibwa, kazi imekwisha.

Na kinachoviziba ni sabuni. Tunaamini sabuni ya mawese haina neno kwa kuwa ni ya nyumbani. Kwenye kanga, sawa. Lakini maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesi nyingi, na sabuni ya mafuta ikikutana nayo hutoa ule utando unaobaki ukingoni mwa beseni. Utando huohuo huganda ndani ya leso. Tumia sabuni ya unga, kidogo tu, na usuuze mpaka povu liishe. Iliyokwisha kukakamaa iloweke nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, kisha uifue upya.

Wapo wanaokimbilia dawa ya kulainisha nguo. Inanukia vizuri, sikatai, ila inaongeza utando juu ya utando. Jiki nayo hudhoofisha nailoni.

Kuchemsha je? Maji yanayochemka hayaiyeyushi, ila mikunjo yake hugoma kutoka. Maji ya moto ambayo mkono unayavumilia yanatosha. Usiichanganye na taulo, itarudi na manyoya yote.

Pasi ndiyo iliyonitia hasara mwenyewe. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, na nailoni huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 220 hivi. Yangu ilibaki na baka linalong'aa, gumu, maji yanateleza juu yake. Siku hizi naikung'uta na kuianika, basi.

Halafu kuna wanaoikataa dukani kwa sababu inanasa kwenye viganja, hasa mikono iliyozoea kuvuta nyavu. Wanadhani ni ubovu. Nyuzi zake zimepasuliwa makusudi, na kinachonasa ngozi kavu ndicho kinachonasa vumbi. Mimi inayoteleza ndiyo ninayoirudisha.