Skrini Ikisema "Hakuna", Iulize: Ulitafuta Kweli?

Mama mmoja aliingia duka la dawa huku Kondele, Kisumu, akaomba AL, dawa ya malaria, ya mtoto. "Ngoja kidogo, mama," kijana wa kaunta akamwambia, akaandika jina kwenye kompyuta. Kikazunguka kile kigurudumu, kikazunguka, kisha skrini ikatoa maneno mawili: "Hakuna matokeo." "Pole mama, imeisha." Mama akatoka na mtoto wake mgongoni. Pakiti tatu zilikuwa kwenye rafu, nyuma ya huyo kijana. Nayajua haya kwa sababu programu ile niliiandika mimi.

Dhana: Kompyuta ikisema hakuna, basi hakuna.

Siku hiyo intaneti ilikuwa imekatika. Programu iliuliza seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza orodha ya dawa, jibu halikurudi, nami kwa uvivu wangu nilikuwa nimeiagiza ikikwama irudishe orodha tupu. Orodha tupu ikasomeka kama stoo tupu.

Ukimtuma mtoto Kibuye akuletee omena, anaweza kurudi akuambie omena zimekwisha. Anaweza pia kurudi akuambie mvua ilimkamata njiani, hakufika sokoni. Hayo ni majibu mawili, na kila moja lina hatua yake. Programu yangu ilinyeshewa njiani, ikarudi kuapa kwamba soko ni tupu.

Sasa inaandika hivi: "Sijaweza kutafuta, seva haipatikani. Orodha niliyo nayo ni ya saa 3:40 asubuhi. Angalia rafuni au jaribu tena."

Dhana: Ukikosa, umeandika vibaya.

Mara nyingine ndiyo. Lakini huku kwetu kuna Achieng' na Nyang'oma, na kile kialama cha ng' kimenitoa jasho. Kibodi za baadhi ya simu hukigeuza kutoka kilichonyooka kuwa kilichopinda. Kwa macho yako ni kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili, kila moja na namba yake: U+0027 na U+2019. Karani aliyesajili kwa kompyuta na mwenzake anayetafuta kwa simu wote wameandika sawa, na bado jina halionekani. Dawa yake ni programu kuvisawazisha vialama hivyo kabla ya kutafuta, na ikikosa, ionyeshe neno ililolitafuta herufi kwa herufi, na majina yanayokaribiana nalo.

Dhana: 404, ile namba ya "ukurasa haujapatikana", ilikuwa namba ya chumba kule CERN, kituo cha utafiti cha Uswisi wavuti ilikoanzia.

Hadithi tamu, lakini Robert Cailliau, aliyefanya kazi na Tim Berners-Lee wavuti ikianza, aliikana. Ni namba tu ya jibu la seva: zinazoanza na 4 husema ombi lako lina kasoro, zinazoanza na 5 husema seva ndiyo imeshindwa. Basi.

Dhana: Ikikwama, bonyeza mpaka ikubali.

Kutafuta mara tano hakuharibu data, ila kunaitwisha mzigo seva ambayo tayari imelemewa. Nyingine hujibu 429, yaani maombi yako yamezidi. Kulipa ndiko kwenye hatari: ujumbe wa "imeshindikana" usiosema kama pesa zimetoka au hazijatoka humfanya mtu alipe mara mbili, kisha ashinde wiki nzima akifuatilia kurudishiwa.

Dhana: Mteja hataelewa, mwandikie tu "Hitilafu imetokea".

Hili nalisikia sana kwa mafundi wenzangu, na linaniudhi. Ataelewaje na hujamwambia kitu? Mpe sentensi moja ya lugha ya kawaida, umwambie afanye nini, halafu ile namba ya kosa, ya fundi, iweke chini kwa maandishi madogo, ili akinipigia simu aisome.

Ninaficha kwa makusudi mahali pamoja tu: pa kuingia kwenye akaunti. Pale naandika "jina au nywila si sahihi" bila kutaja lipi, kwa sababu nikitaja, mwizi anayebahatisha atajua jina gani limesajiliwa, na kazi yake itabaki nusu.