Kabla hujaniuliza ni ya mwaka gani, igeuze

Watu wananitumia picha sana. Juzi tena jamaa kanitumia taa ndogo ya udongo aliyonunua kwenye mnada mtandaoni, picha imepigwa kwa juu, mwanga safi, na swali ni lile lile la siku zote, "hii ni ya Kirumi kweli?" Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, igeuze kwanza unipigie kitako, maana juu ndiko fundi alikopamba, huko chini wala hakuhangaika nako na ndo zinakobaki alama za kazi yake.

Mimi kazi yangu ni kujaza fomu. Vyungu, chupa, visanamu vya nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, kitu kinakuja mezani nakipima nakiandika kinarudi stoo. Taa hizi naziita vibatari kwa sababu ndivyo zilivyo jamani, tumbo la mafuta (mara nyingi ya zeituni), tundu la kujazia, na mdomo wa kutokea utambi. Kuna aina moja ya Kirumi ambayo ukiigeuza unakuta jina la mwenye karakana limenyanyuka kitakoni, FORTIS. Karakana yake ilikuwa Modena, kaskazini mwa Italia, karne ya 1 BK, na taa zenye jina hilo zinafukuliwa sehemu nyingi sana za himaya. Sasa usije ukadhani zote zilisafirishwa kutoka kwake. Mafundi wa mbali walikuwa wanachukua taa iliyokwisha chomwa, wanaitolea kalibu, wanafyatua zao, jina na kila kitu. Na udongo ukikauka kisha ukachomwa unasinyaa, unaweza kupungua hata asilimia 10, kwa hiyo kopi inatoka ndogo kuliko mama yake, kopi ya kopi ndogo zaidi, na herufi zinazidi kufifia mpaka FORTIS inasomeka kama imeandikwa na mtu anayesinzia. Hiyo kopi si feki, ni ya Kirumi kabisa, ila si ya Modena, na ndo maana napima hadi milimita na sikimbilii kuandika jina la karakana.

Kwenye vioo niliwahi kuumbuka mwenyewe. Nilikuwa bado mgeni kazini, ikaja kichupa chembamba chenye shingo ndefu, nikaandika "chupa ya machozi" kwa sababu lebo ya zamani ilisema hivyo. Hadithi ni kwamba wafiwa walilia humo wakazika na marehemu, na Zaburi ya 56 inataja machozi kutiwa chupani basi watu wakaunganisha wakaridhika. Lakini ni vichupa vya mafuta mazuri na marashi. Bosi wangu hakunigombeza, aliniuliza tu, "mtu analengaje mdomo mdogo hivi?" Nilinyamaza.

Vichupa kama hivyo viliweza kuwa vingi na rahisi baada ya watu wa pwani ya Syria na Palestina kujua kupuliza kioo kwa bomba, karne ya 1 KK, kabla ya hapo kioo kilikuwa kazi ya taratibu na bei yake ilikuwa ya wenye nazo. Ukikuta kovu la mduara kitakoni, hapo ndo fimbo ya chuma ilinatishwa kushikia chupa wakati fundi anamalizia mdomo. Si kila chupa inalo. Na zile rangi za upinde wa mvua ambazo wauzaji wanazisifia, hakuzitia mtu. Maji ya ardhini yamekula chumvi za kioo miaka na miaka, ngozi ya juu ikabaki tabaka nyembamba nyembamba, mwanga ukipita humo unavunjika rangi. Usifute! Nimeona mtu akipitisha kitambaa chenye maji, magamba yote yakahamia kwenye kitambaa, chupa ikabaki na rangi ya maji ya mchele.

Visanamu vya Tanagra huko Ugiriki, wale akina mama waliojitanda nguo, hivyo vigeuze uone mgongo. Makaburi ya pale yalianza kufukuliwa ovyo miaka ya 1870, Ulaya ikavipenda kupita kiasi, na feki zikafuata mara moja. Vya kale mbele vina kila mkunjo wa nguo ila mgongo mara nyingi ni mtupu, una tundu la kutolea mvuke jokoni, na rangi zilipakwa baada ya kuchomwa ndo maana zinabanduka. Kikija kizima, rangi zote zipo, mgongo umechongwa vizuri, mimi nachukua tochi natafuta plasta iliyozibia na kujazia sehemu za siku hizi.

Basi jamaa wa kibatari akatuma kitako. Nikamwandikia hivi: "Taa ya udongo wa kahawia-nyekundu, kalibu ya vipande viwili, mdomo una masizi, kitakoni herufi hafifu, zinazosomeka ni ORT tu, urefu sm 7.9. Mahali ilipofukuliwa: haijulikani."

Akauliza kama hiyo ya mwisho inaweza kutolewa maana inashusha bei. Nikamwambia haitoki, na nikamwomba karatasi yoyote inayoonyesha taa ilikuwa kwa nani kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya vitu vya kale. Ameniandikia kwamba muuzaji anatafuta.