Leseni ukutani si cheti cha masaji

Jamani wa Kampala, ile leseni iliyobandikwa pale mapokezi ya sehemu ya masaji ni ya biashara, KCCA (mamlaka ya jiji) inampa mwenye duka halafu mnasema "huyu dada ana leseni"! Hiyo haisemi kitu kuhusu mikono yake. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) ndo anasajiliwa na baraza la taaluma za afya, ni kitu kingine kabisa.

Na wanaojipanga kwenda kufanya masaji Marekani na kacheti ka wiki mbili, kule kila jimbo na sheria yake, Texas masaa 500 ya mafunzo, New York 1,000, alafu mtihani. Unasoma hadi vitu kama shavu la mguu likivimba upande mmoja, lina joto, usilikande, inaweza kuwa damu imeganda, mpeleke hospitali.