Daraja la sarafu ni nini, na pesa ya zamani ya shaba ipelekwe lini kupimwa?

Daraja la sarafu ni maoni ya mtaalamu kuhusu hali yake: imechakaa kiasi gani tangu ilipotoka kiwandani, na kama uso wake bado ni wa asili. Maoni hayo huandikwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 70. Kipimo hicho alikitoa Mmarekani William Sheldon mwaka 1949, na alikilenga hasa kwa shaba, yaani senti kubwa za mwanzo za Marekani. Sarafu ya daraja la 1 imelika hata kutambulika ni kwa shida. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikuwahi kutumika sokoni.

Kampuni zinazojulikana zaidi kwa kazi hii ni PCGS na NGC, zote za Marekani, zilizoanza mwaka 1986 na 1987. Hukagua kwanza kama sarafu ni halisi, wakaipa daraja, kisha wakaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba ya utambulisho.

Tuchukue pesa ya shaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, iliyopigwa 1890 hadi 1892. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Wengi wameirithi kutoka kwa mababu, na swali lao huwa moja: niipeleke?

Mara nyingi jibu ni hapana. Pesa za 1891 na 1892 zilipigwa kwa mamilioni, na iliyochakaa huuzwa kwa dola chache tu. Ada ya kupima, posta ya kwenda na kurudi pamoja na bima hufika makumi ya dola. Cheti hakiongezi uadimu. Kinachofanya ni kumtoa mnunuzi wasiwasi, na hilo lina thamani pale tu ambapo sarafu yenyewe ni ghali.

Shaba ina jambo lake la pekee: rangi. Ikitoka kiwandani huwa nyekundu ya kung'aa, kisha hugeuka taratibu kuwa kahawia. Wapimaji huigawa katika nyekundu, nyekundu-kahawia na kahawia, na sarafu mbili zenye namba ileile zinaweza kutofautiana sana bei kwa sababu hiyo. Pesa ambayo haijatumika na bado ina wekundu wake, hiyo inastahili safari.

Ndiyo maana inaniuma kuona sarafu zimesuguliwa kwa ndimu, majivu au ukwaju kama sinia za sikukuu. Tafadhali, usiisugue! Asidi hula ngozi ya juu ya shaba, na wekundu unaobaki ni wa kuchunwa. Mpimaji huutambua mara moja. Sarafu hiyo haipewi namba, huandikiwa tu kwamba ni halisi lakini imesafishwa, na wakusanyaji huikwepa. Kahawia iliyotulia, hata yenye giza, ni bora kuliko mng'ao huo.

Kuna sarafu ambazo kinachotafutwa hasa ni utambuzi wake. Heller 20, sarafu za Wajerumani zilizopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, zilitengenezwa kwa shaba ya manjano na nyingine kwa shaba nyekundu, tena kwa mihuri inayotofautiana. Za shaba nyekundu ni adimu zaidi, na baada ya miaka zaidi ya mia moja ya kufifia macho hudanganyika. Hapo ningelipa ada bila kusita.

Iliyobaki nyumbani ishike kwenye ukingo tu, maana jasho la vidole huacha alama juu ya shaba. Iweke mahali pakavu, hasa kama unaishi pwani kwenye hewa ya chumvi, wala usiitie kwenye mifuko laini ya plastiki. Ukiona unga wa kijani unaochipuka, itenge na nyingine.