Talaka haifuti sahihi iliyo benki

Wapo wengi hapa Moshi wanaoamini kwamba mahakama ikishaamua nyumba ibaki kwa mke, mume aliyesaini mkopo wa kuijenga ameutua mzigo. Sivyo. Amri ya mahakama hugawa mali baina ya wanandoa. Benki, ambayo haikuwa mdaawa katika shauri lao, huendelea kumtambua kila aliyetia sahihi mkataba wa mkopo, na marejesho yakikwama itamdai yeye, hata kama amekwisha kuhamia Arusha na kuoa upya.

Kwa hiyo anayetaka kubaki na nyumba, tuseme ya vyumba vitatu kule Rau, hana budi kwenda benki kabla mgawanyo haujakamilika, aombe taarifa ya deni lililosalia, kisha aulize kama kipato chake peke yake kinatosha kuandikiwa mkopo huo upya. Benki hailazimiki kukubali. Ikikataa, mara nyingi hubaki kuuza, kulipa deni na kugawana kinachosalia. Ni jambo chungu, ingawa kwa maoni yangu ni afadhali kuliko mnada.

Hati kuwa na jina la mume pekee hakumnyimi mke haki yake, kwani kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hutazama mchango wa kila mmoja, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kifungu hichohicho huitaka mahakama izingatie pia madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili.